Uwanja Usiofagiwa

Ilikuwa mwaka wa uchaguzi, elfu mbili ishirini na mbili. La, nimekosea, ngoja nirudi nyuma kidogo. Ulikuwa mwaka uliofuata. Kilichonichanganya ni zile picha za wagombea, maana zilikuwa bado zimebandikwa kwenye mabati ya Kawangware, nyuso zimekwajuka kwa jua, mmoja amebaki meno tu. Lakini mvua ninayotaka kuisimulia ilikuwa ile ya Elnino, na Elnino ilikuja watu wakiwa wameshapiga kura zamani na wameanza kusahau walimpigia nani. Basi ni ishirini na tatu.

Wanzala ni jirani yangu hapa Kambi Muru, Kibera. Mlango wake na wangu imetenganishwa na mtaro tu, hivi kwamba mtu akipiga chafya upande huu anaambiwa pole upande ule. Ni Msamia wa Funyula, mrefu, mpole wa sauti, mwenye magoti yaliyofura kwa kuyapiga juu ya mawe maisha yake yote. Mkewe, Nasike, huuza githeri, mahindi na maharagwe, karibu na reli, na ana neno lake ambalo huwaambia wateja: "Mimi niliambiwa naolewa na mwanamume, kumbe nimeletewa magoti."

Kazi ya Wanzala ni kulaza mazeras, yale mawe bapa ya njano na kahawia yanayotoka pwani, ambayo watu hupenda kuweka mbele ya nyumba zao. Alifundishwa na mzee mmoja Mjaluo wa Kisumu Ndogo, marehemu Opondo. Huyo Opondo hakumruhusu kugusa jiwe kwa muda mrefu sana. Alimpa kazi moja tu, kujaza zile nafasi zinazobaki kati ya jiwe na jiwe, ambazo mafundi huziita jointi. Wengine walikuwa wanalaza mawe na kusifiwa, Wanzala yuko nyuma yao kwa magoti, na karai na kipande cha chuma, anashindilia. Akilalamika, Opondo anamwambia, "Jiwe hata mlevi anaweza kulaza. Jointi ndiyo itamtambua fundi, wewe ukishakwenda."

Neno hilo lilimwingia. Hata leo ukienda naye mahali penye mawe, kanisani ama hospitali, hatazami mawe. Anachokonoa jointi na ncha ya kiatu chake. Na alikuwa na jambo moja la kujivunia, ambalo nimelisikia mara nyingi tukikota moto wa jiko: "Hakuna uwanja ulionirudisha." Maana yake, akimaliza kazi amemaliza, hajawahi kuitwa tena kuja kurekebisha. Mtu mwingine angejivunia watoto au ng'ombe. Yeye hilo ndilo alilokuwa nalo.

Sasa uwanja uliomrudisha ulikuwa Kawangware, kwa Kalondu.

Kalondu ni fundi wa nguo, anashona sare za shule. Watu humwita Mama Mbuvi kwa jina la kifungua mimba wake. Ana ploti ndogo aliyoachiwa na mumewe: mbele kuna vyumba vya wapangaji, nyuma ni nyumba yake ya mawe, na katikati kuna uwanja, si mkubwa, vyumba viwili vingeujaza. Zamani ulikuwa udongo mtupu. Mvua ikinyesha unavua viatu.

Mama yake Kalondu aliletwa kutoka Mwala alipoanza kuwa mgonjwa wa nyonga. Jina lake Syombua, lakini pale kwenye ploti wote walimwita shosho, yaani nyanya, hata wale ambao si Wakikuyu, ndivyo ilivyo Nairobi. Kalondu peke yake ndiye aliyemwita mwaitu, mama yangu. Shosho alikuwa mtu wa jua. Huko kwao alikuwa akiamka anakaa nje mpaka kivuli kimfukuze. Hapa Kawangware jua linaingia sehemu moja tu ya uwanja, kando ya tangi la maji, tangu asubuhi mpaka karibu saa sita. Kwa hiyo Kalondu akamwita Wanzala. Akamwambia, "Fundi, nataka mama yangu aweze kutoka mlangoni aende pale kwenye tangi akae. Ni hilo tu. Anafifia huko ndani kama mche uliofunikwa na karai."

Wanzala akalaza mawe. Nilienda kuyaona. Mimi nikiwa sina la kufanya natembea: natoka Kibera, nakata Ngong Road, nafika Dagoretti Corner, nashika Naivasha Road mpaka Kawangware, nakunywa chai, narudi. Mawe yalikuwa mazuri, kila moja na rangi yake, yamelala kama ng'ombe walioshiba. Jointi zilikuwa pana kidogo kwa sababu mazeras hayakatwi sawasawa, akazijaza mchanga laini akashindilia. Shosho akatoka na mkongojo wake, akavuka, akafika kwenye kiti, akakaa. Wanzala akarudi nyumbani.

Mwezi haukuisha akapigiwa simu. Kalondu hakusalimu. Alisema, "Fundi, uwanja wako umemwangusha mama yangu."

Mchanga ulikuwa umetoka. Si kidogo, umetoka wote, jointi zimebaki wazi kama mitaro midogo, na ncha ya mkongojo ikazama katika mmojawapo, shosho akaenda chini. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu, mkono tu ulivimba. Lakini tangu siku hiyo hakukanyaga tena katikati ya uwanja na mkongojo. Kiti chake pale kwenye tangi kikawa cha paka.

Wanzala akarudi na vifaa vyake. Safari hii alileta vumbi la kokoto, ambalo ni zito, likishindiliwa linashikana. Akajaza, akanyunyiza maji, akajaza tena. Baada ya siku chache nikapita, nikakuta jointi ziko wazi. Nikafikiri macho yangu ndiyo yamezeeka. Nikachutama nikatia kidole. Kikazama.

"Mama Mbuvi," nikamwuliza Kalondu, "hapa kuna panya?"

"Muulize fundi wako," akasema, na uzi mdomoni. "Panya gani anakula kokoto?"

Wanzala akaja tena. Pale kwenye ploti kulikuwa na mpangaji mmoja, Gerishon, kijana wa bodaboda mwenye ulimi usio na breki. Kila akimwona fundi amepiga magoti, anasimamisha pikipiki.

"Niaje fundi! Leo tena?"

"Leo tena," Wanzala anajibu bila kuinua kichwa.

"Si uhamie tu? Kuna rumu hapo mwisho haina mtu."

"Nenda kazini, kijana."

"Hapana, nakuuliza tu. Wewe ni fundi ama ni mkulima? Kila wiki unapanda mchanga hapa, na mchanga wenyewe hauoti!"

Wapangaji wanacheka milangoni. Wanzala alikuwa mtu wa kucheka pia, lakini hilo halikumchekesha. Usiku ule nilimsikia ng'ambo ya mtaro akimwambia Nasike kwamba labda maji yanatoka chini, labda ni siafu, labda watoto wa wapangaji wanachokoa kwa vijiti. Nasike akamwambia, "Labda ulale."

Mara ya tatu akatumia simiti kavu iliyochanganywa na mchanga. Unaimwaga juu ya mawe, unaiingiza kwenye jointi kwa brashi, unafuta mawe mpaka yawe safi, halafu unanyunyiza maji kama umande. Ikishika, imeshika. Aliondoka jioni akiwa ameridhika. Alipokuja kesho yake kuangalia, jointi zilikuwa zimelimwa nusu, na simiti yote imepakwa juu ya mawe, nyeupe, imeshaanza kukauka. Yale mawe ya rangi sasa yalikuwa na mabaka.

Kalondu alisimama mlangoni na tepi ya kupimia shingoni. "Fundi. Nilikuambia unijazie mashimo. Umenipakia mawe yangu mba."

Wanzala alikaa siku nzima akiyasugua kwa brashi ya waya. Jioni alipopita mlangoni kwangu hakusimama. Magoti yalikuwa yamechubuka, na mikono imeliwa na simiti. Alisema neno moja tu: "Kesho nitaenda alfajiri. Nitamshika."

Mimi usingizi wangu ni mfupi, nikamwambia tutaenda pamoja.

Tulifika watu wa maziwa wakiwa ndio wanafungua. Geti halikuwa na kufuli. Tukaingia pole pole kama wezi, na kabla hatujaona kitu tukasikia: shwa, shwa, shwa.

Alikuwa shosho. Amejifunga leso kiunoni, ameinama kabisa, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umeshika ufagio wa njiti, mgumu, mfupi, uliofungwa kwa mkonge. Alikuwa hafagii kama mgonjwa. Alifagia kama mtu anayefukuza nyoka. Kila njiti ilikuwa inaingia ndani ya jointi na kutoka na kitu. Akimaliza sehemu, anasogea, anashika waya wa kuanikia nguo, anaendelea. Vumbi la kokoto, mchanga, simiti, vyote alivisukuma mpaka mtaroni, na nyuma yake uwanja ulikuwa unang'aa.

Kalondu hakujua, maana wakati huo alikuwa amelala, na aliona uwanja safi kila siku akafikiri wapangaji wanapeana zamu. Wapangaji nao walifikiri ni watu wa nyumba kubwa. Hakuna mtu hujiuliza uwanja safi umesafishwa na nani.

"Mmeamkaje," shosho akasema alipotuona. "Karibuni. Lakini msikanyage hapo, nimeshafagia."

Wanzala alichutama akashika kichwa. "Shosho. Kumbe ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Unayefagia."

"Sasa ulitaka afagie nani? Hawa?" Akaelekeza ufagio kwenye milango ya wapangaji. "Hawa watalala na taka mpaka Yesu arudi."

"Lakini shosho, wewe unaogopa uwanja. Ulianguka."

"Nilianguka na mkongojo. Nikiwa na ufagio sianguki. Huu unanijua. Alinifungia dada yangu huko Mwala, sasa ni marehemu."

Wanzala akaanza kumweleza, taratibu, kama anavyoelezwa mzazi. Kwamba anajaza zile nafasi kwa ajili yake, ili mkongojo usizame, ili afike kwenye jua. Kwamba mchanga ukifagiliwa hivi hauwezi kukaa, dawa ni simiti yenyewe, mbichi, ishindiliwe kwa chuma. Lakini simiti inataka siku tatu bila kuguswa. Hakuna kufagia, hakuna kukanyaga.

"Siku tatu uwanja usifagiwe?" shosho akauliza.

"Siku tatu tu, shosho."

Akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Wewe ni wa wapi?"

"Samia. Funyula."

"Huko kwenu, mtu akipita kwa boma aone jua limepanda na uwanja haujafagiwa, leo haujafagiwa, kesho haujafagiwa. Anajua nini?"

Nililijua jibu, maana hata kwetu ni hivyo. Ufagio huwekwa pembeni mtu akifa. Majivu na maganda hukaa hapo hapo mpaka amezikwa.

"Anajua ni matanga," Wanzala akasema.

"Haya," shosho akasema, akainama tena. "Mimi bado napumua."

Ukiwa fundi unaweza kubishana na mvua, unaweza kubishana na mwenye nyumba. Neno kama lile utalibisha na nini? Wanzala alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka jua likatoka. Halafu akainuka, akatoa kamba yake ya kupimia mfukoni, akaifunga kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, katikati kabisa.

"Shosho, tugawane," akasema. "Upande huu wa mlango ni wangu kwanza. Sitaki uuguse. Ule wa tangi ni wako, ufagie kila siku. Huu ukishika, ninakurudishia, unanipa ule."

Shosho akaitazama kamba. "Na isisogee usiku."

"Kamba ya fundi haisogei."

"Mafundi wote mnasema hivyo," akasema. Lakini alikuwa anacheka.

Na kweli alishika neno lake. Wanzala alijaza nusu ile ya mlango kwa simiti mbichi, jointi baada ya jointi, akafunika kwa magunia yenye maji. Kila asubuhi shosho alipitia ukutani, akafagia nusu yake, akasimama kwenye kamba kama kwenye mpaka wa nchi. Siku ya kufunua nilikuwepo. Shosho alitoa mkongojo, akagonga jiwe, akagonga jointi. Tok. Tok. Sauti moja.

"Inaongea," akasema.

Akatembea mpaka kwenye kamba, peke yake, bila kushika ukuta. Akasimama hapo akiangalia kiti chake ng'ambo, na paka juu yake. "Wewe paka," akamwambia, "anza kutafuta nyumba."

Nafikiri hiyo ndiyo siku ya mwisho nilimwona Wanzala akifurahi kwa ajili ya uwanja ule.

Maana ilibaki nusu ya tangi, na ndipo Elnino ikaamua kwamba imefika. Wanzala alijaza asubuhi, saa sita mbingu zikafunguka, simiti yote ikaenda mtaroni ikiwa uji. Akangoja kukauke, akajaza tena. Mpangaji mmoja, mwanamke mwenye haraka zake, akamwaga karai zima la maji ya kufulia katikati, sabuni na yote. Alipoambiwa, akasema, "Kwani mimi nilijua? Si huwa mnajaza tu kila siku?" Wanzala alikaa chini kwenye maji yale yale. Gerishon akapita, akasimamisha pikipiki, akazima injini, akamtazama. Mwishowe akasema, "Pole fundi," akaenda. Wanzala aliniambia hiyo pole ilimuuma kuliko ule mzaha wa ukulima.

Kalondu naye alikuwa amefika mwisho. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuja Jumapili kumwombea mama yake, na alitaka wamkute nje, kwenye kiti, juani, si kitandani. Akaazima turubai kubwa kwa jirani, wakasimamisha nguzo, uwanja wote ukafunikwa mvua isiingie. Akamwambia Wanzala, "Jaza nusu hiyo. Na huku kwa mlango kuna mahali kumeliwa ukingoni, pitia pia. Yote kwa mara moja. Mimi nimechoka na kamba."

Wanzala akasimama. "Na shosho atafagia wapi?"

"Nimeongea na mwaitu. Amekubali."

"Amesema mwenyewe?"

"Fundi, kwani ni mama yako ama ni wangu? Amekubali."

Mtoto akisema mama yake amekubali, wewe mtu wa kutoka Kibera utasema nini? Wanzala alipiga magoti. Aliniambia hajawahi kujaza jointi kama zile. Kila moja aliisikiliza kwa ncha ya chuma, akaipitisha kidole, akaifunika kwa gunia. Hakujua kwamba mlango wa shosho umetiwa ufunguo, ati asije akateleza, na kwamba nyuma ya mlango, pale ufagio ulipokuwa unasimama, hapakuwa na kitu.

Jumapili akavaa shati lake safi, lile la arusi na mazishi, tukaenda. Simiti ilikuwa imeshika. Alipitisha kiatu chake jointi moja, ya pili, ya tatu, akaniangalia, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Chini ya turubai akina mama walikuwa wameketi kwenye mabenchi, wamejifunga leso na vitambaa vya kichwa, wanaimba pole pole. Kando kando ya uwanja kulikuwa na mifuko mitupu ya simiti, vipande vya mbao, majani yaliyopeperushwa na upepo. Hakuna aliyekuwa amefagia.

Kalondu akafungua mlango. "Mwaitu, njoo. Kiti chako kiko pale. Uwanja umekwisha."

Shosho alikuwa ameketi kitandani akitazama dirishani. Hakugeuka. "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, mwaitu."

"Uwanja haujafagiwa tangu siku ile. Ufagio wangu hauko. Mmepiga tenti. Akina mama wamefika na leso, wanaimba. Sasa kama si mimi, ni nani?"

Mama mmoja akacheka, "Ai, shosho ana maneno!" Wengine wakaanza kucheka pia, halafu wakaacha mmoja mmoja, kwa sababu shosho hakuwa anacheka.

"Mwaitu, ni mvua tu. Tulifunika kwa ajili ya mvua. Fundi mwenyewe yuko hapa, muulize."

Wanzala akavua kofia. Akachukua mkongojo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akatoka nao uwanjani, akaanza kugonga jointi, moja baada ya nyingine, kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi, ili asikie. Tok. Tok. Tok. Mtu mzima na shati la mazishi, anagonga chini na mkongojo wa mama wa watu.

"Shosho, sikiliza. Haizami. Hakuna mahali inazama."

"Nimesikia, fundi," shosho akasema. "Umelijenga vizuri. Ni kaburi zuri."

Akalala akageukia ukuta. "Endeleeni. Mkishamaliza kunizika mtaniambia."

Kalondu alimbembeleza, akalia, akakasirika, akalia tena. Akina mama waliomba pale pale mlangoni wakaenda. Turubai likaondolewa jioni hiyo hiyo, wapangaji wakafagia mpaka ukutani, hata Gerishon alishika ufagio, jambo ambalo sijaliona tena. Haikusaidia kitu. Shosho sasa anaketi kwenye kiti ndani ya mlango, miguu upande wa ndani wa kizingiti, anautazama uwanja kama mtu anayetazama mto uliofurika. Jua linafika kwenye tangi, linakaa, linaondoka. Paka hakuhama.

Wanzala hakuweza kutulia. Alikata njiti mwenyewe, akazifunga kwa mkonge, akampelekea shosho ufagio mpya. Shosho aliupitisha mikononi. "Umefunga vizuri," akasema, "lakini huu hauujui uwanja huu." Akauegemeza nyuma ya mlango, na hapo ndipo ulipo. Wanzala akaenda kwa Kalondu akamwomba ruhusa achukue patasi afungue jointi kidogo pale kwenye tangi, aweke mchanga, ili shosho apate kitu cha kufagia, labda atatoka.

Kalondu aliweka makasi chini. "Wewe fundi, umerogwa? Nimengoja uwanja huu mpaka nywele zimekuwa mvi. Unafikiri mimi napenda kumwona hapo mlangoni? Akianguka tena akavunjika, nani atambeba, ni wewe?"

Wanzala akaondoka. Na mimi simlaumu Kalondu. Yeye ndiye anayemgeuza mama yake usiku na kumwosha. Nimemwona akimchana nywele pale mlangoni.

Jioni Nasike humkanda Wanzala magoti kwa maji ya chumvi. Nawasikia ng'ambo ya mtaro.

"Ule uwanja wa Kawangware uliisha ama haukuisha?"

"Uliisha."

"Sasa mbona umenuna?"

Wanzala humpa goti la pili. Lile neno lake, kwamba hakuna uwanja uliomrudisha, halisemi tena. Uwanja wenyewe haumwiti, ni yeye anayeupitia akiwa na kazi upande ule. Anachungulia getini, anaona miguu ya shosho ndani ya kizingiti, anaenda zake.

Mimi naingia. Mzee hafukuzwi. Nakaa na shosho, ananipa chai, na kila mara neno lake ni moja: "Mzee, wewe unatembea sana. Hukuuona ufagio wangu mahali?" Nimetazama mitaroni. Nimetazama jalalani kule mtaa wa Kongo, na nyuma ya tangi, na juu ya paa la choo. Nimemwuliza Gerishon, akawasha pikipiki. Nimewauliza wapangaji, wakatazamana. Kalondu nimemwuliza mara nyingi, kwa upole, bila kumlaumu, na kila nikimwuliza anainamia cherehani yake na kukanyaga kwa nguvu, ile sauti ijae chumba. Lakini nitamwuliza tena nikipita wiki hii: Mama Mbuvi, ule ufagio wa mama yako, uliupeleka wapi?